Uzi: Kesi ya Sokrates hatua kwa hatua. Hati ya mashtaka, kura, na kwa nini alikataa kutoroka

Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila kesi ya mwanafalsafa Sokrates inapotajwa, watu hukimbilia maana yake kabla hawajakubaliana kuhusu kilichotokea siku ile. Nimeona tuanze na utaratibu wa mahakama yenyewe. Usipoujua huo, maneno ya yule mzee wa miaka 70 yatakuonekea kama ya mtu aliyechoka kuishi, na sivyo.

Mwaka ni 399 KK, mji ni Athene. Aliyefungua shauri ni Meletus, kijana asiyejulikana sana, akiwasemea washairi. Nyuma yake walisimama Anytus, mwanasiasa mzito aliyepata mali kwa biashara ya ngozi, na Lycon, akiwasemea wasemaji wa majukwaani. Hakukuwa na mwendesha mashtaka wa serikali. Raia yeyote aliyependa aliweza kumshtaki mwenzake kwa kosa linalougusa mji mzima, ila akipata chini ya moja ya tano ya kura alitozwa faini ya drakma 1,000 na kupoteza haki ya kufungua tena mashauri ya aina hiyo. Ishikeni hiyo moja ya tano, tutairudia.

Hatua ya kwanza ilikuwa wito. Meletus alimwendea Sokrates na mashahidi, akamtaka afike siku fulani kwa ofisa aliyeitwa "mfalme". Huyo hakuwa mfalme wa kutawala. Alikuwa ofisa wa mwaka mmoja anayeshughulikia mashauri ya ibada na ya mauaji. Ukumbi wake ulifukuliwa mwaka 1970 pembeni ya Agora, ule uwanja wa soko na siasa. Mazungumzo yaitwayo Euthyphro, yaliyoandikwa na Plato, mfuasi wa Sokrates, yanatokea papo hapo, Sokrates akiwa amekuja kuitikia wito. Anamweleza mshtaki wake kwa mtu asiyemfahamu: nywele ndefu zilizonyooka, ndevu haba, pua iliyopinda kama mdomo wa kipanga.

Hatua ya pili ilikuwa usikilizaji wa awali. Mlalamikaji anasomewa hati yake na kula kiapo kwamba ni kweli, mshtakiwa anaandika kanusho lake na kuapa pia. Ofisa hakuamua nani mkweli. Aliangalia kama kuna shauri la kupeleka mbele, kisha akapanga siku.

Hati yenyewe tunayo, ilihifadhiwa katika kumbukumbu za mji na Diogenes Laertius, mwandishi wa baadaye wa maisha ya wanafalsafa, akainakili. Kwa Kiswahili changu: Meletus mwana wa Meletus, wa Pitthos, amemshtaki kwa kiapo Sokrates mwana wa Sophroniscus, wa Alopeke. Sokrates anakosa kwa kutoitambua miungu ambayo mji unaitambua, na kwa kuingiza mambo mengine mapya ya kimungu. Anakosa pia kwa kuwaharibu vijana. Adhabu: kifo.

Hapo pana makosa mawili au matatu, kutegemea unavyohesabu, na adhabu imependekezwa na mlalamikaji mwenyewe tangu mwanzo.

Kibatari

Naendelea na siku ya kesi.

Kila mwaka raia 6,000 waliozidi umri wa miaka 30 walipigiwa kura ya bahati na kula kiapo cha kuwa waamuzi. Shauri kama hili lilikaliwa na waamuzi 500 hivi (baadaye idadi ikawa 501 ili kura zisilingane). Kila mmoja alilipwa oboli 3 kwa siku, yaani nusu drakma, hivyo jopo zima liligharimu mji drakma 250. Hakukuwa na jaji wa kuwaelekeza kwenye sheria, hawakujifungia kujadiliana, na hapakuwa na rufaa. Walisikiliza, wakapiga kura ya siri, basi.

Muda ulipimwa kwa saa ya maji: chombo cha udongo chenye tundu karibu na kitako, maji yakiisha na wewe umeisha. Kimoja kilipatikana kisimani huko Agora. Kinabeba lita 6.4 na kinamwagika kwa dakika 6 hivi. Kimeandikwa jina la kabila la Antiochis, ambalo ndilo kabila la Sokrates mwenyewe. Hicho kidogo kilitosha hoja fupi. Mashauri makubwa ya mji yaligawiwa mchana mzima, sehemu ya walalamikaji, sehemu ya mshtakiwa, na sehemu ya kujadili adhabu. Sokrates analalamika wazi kwamba kuna miji ambako kesi ya kifo husikilizwa kwa siku kadhaa, na kama Athene wangekuwa na sheria hiyo angewashawishi. Hilo nalisisitiza kwa wanaosema hakutaka kushinda.

Sasa hesabu. Baada ya kura ya kwanza anasema amestaajabu, alidhani atashindwa kwa kura nyingi zaidi, kumbe kura 30 tu zingehama upande angeachiwa. Kwa jopo la 500 hiyo ni 280 dhidi ya 220. Ondoa 30 upande mmoja, ongeza upande wa pili, unapata 250 kwa 250, na kura zikilingana mshtakiwa huachiwa. Kisha anaongeza kwamba Meletus peke yake asingefikisha moja ya tano. Gawanya 280 kwa washtaki watatu, kila mmoja anapata 93 na kidogo. Moja ya tano ya 500 ni 100. Kwa hiyo Meletus bila Anytus na Lycon angelipa ile drakma 1,000. Mtu amehukumiwa dakika chache zilizopita na bado anapiga hesabu ya kugawanya mbele ya waliomhukumu!

Wakili wa Kijiji

Mkuu Kibatari, shukrani. Niongeze mawili kwa wanaozoea mahakama za huku kwetu.

Hao waamuzi msiwafananishe na wazee wa baraza. Mzee wa baraza hutoa maoni, na jaji hafungwi nayo. Mwamuzi wa Athene alikuwa jaji mwenyewe, kwa ukweli na kwa sheria. Sheria ile haikufafanua kutoheshimu miungu ni kitendo gani. Kila mwamuzi aliingia na ufafanuzi wake kichwani, akatoka nao. Ukitaka kujua kwa nini hoja nzuri haikutosha kumwokoa, hapo pa kuanzia.

La pili, zile picha za vidonge vya shaba vyenye kijiti katikati, kimoja kijiti cha wazi kama bomba na kingine kigumu, pamoja na mawe makubwa yenye safu za vitobo vya kuchagulia waamuzi. Watu huziweka kwenye kila makala ya Sokrates. Vile ni vifaa vya karne ya 4 KK, baada yake, na maelezo kamili ya namna ya kuvitumia yanatoka miaka ya 320. Kwa mwaka 399 sema tu kwamba kura ilikuwa ya siri na ilitumbukizwa chomboni.

BintiMwambao

Kaka Kibatari, nimefurahi umeandika "kutoitambua" na sio "kutoiamini". Tafsiri nyingi zinapotea hapo, na kosa hilo linaharibu kesi nzima.

Kitenzi cha Kiyunani ni nomizein, na kinatokana na nomos, ambalo ni sheria na mila kwa pamoja. Mtu "anayeitambua" miungu ya mji ni yule anayefanya yanayopasa: anatoa sadaka siku ya sikukuu, anakwenda kwenye maandamano, anaapa kwa majina yao. Dini ya Athene haikuwa na msahafu wala kanuni ya imani ya kukariri. Ukisema "hakuamini" unampeleka msomaji kwenye ukafiri kama tunavyouelewa sisi, Waislamu kwa Wakristo, na shitaka la Athene lilihusu uaminifu kwa mji kupitia ibada yake.

"Mambo mapya ya kimungu" ni fumbo la makusudi. Sokrates alikuwa akisema hadharani kwamba tangu utotoni ana ishara fulani, kama sauti, inayomzuia anapotaka kukosea. Inamzuia tu, haimsukumi kamwe kutenda jambo. Kwa jirani yake hiyo ilisikika kama mtu mwenye mungu wa nyumbani kwake peke yake, ambaye mji haukumpa kibali.

Mnaosoma Biblia, fungueni Matendo 17. Paulo yuko Agora hiyo hiyo, zaidi ya miaka 400 baadaye, anabishana na wapita njia, na wengine wanasema huyu anatangaza miungu migeni. Neno la Kiyunani pale ni daimonia, lile lile la hati ya Meletus. Kwa msomaji aliyelelewa na elimu ya Kiyunani, mlango huo uligusa kumbukumbu ya Sokrates mara moja.

Na lile "kuwaharibu vijana" lisisomwe kama kosa la uasherati. Ni kuwapotosha, kuwafanya wawe raia wabaya. Sokrates anamhoji Meletus juu yake (sheria ilimlazimisha mlalamikaji kujibu maswali ya mshtakiwa): nani basi anawatengeneza vijana? Meletus anasema sheria, kisha waamuzi, kisha wasikilizaji, kisha wajumbe wa baraza, mpaka anaishia kwamba Waathene wote wanawatengeneza na Sokrates peke yake anawaharibu. Anaulizwa, je, farasi nao? Watu wote wanawanoa na mmoja anawaharibu, au ni kinyume chake, wachache wenye ujuzi ndio wanaowanoa? Meletus hana jibu. Hoja hiyo haithibitishi kwamba Sokrates hakuwaharibu. Inathibitisha kwamba mshtaki hajawahi kulifikiria shitaka lake, na kwa Sokrates hilo ndilo kosa kubwa zaidi chumbani mle.

Ngalawa

Wakuu, mnazungumzia miungu na mimi naona siasa imekaa katikati ya meza.

Mwaka 404 Athene imeshindwa vita na Sparta. Inawekwa serikali ya watu thelathini, kiongozi wao mkali ni Critias. Kwa miezi minane hivi wakaua raia wapatao 1,500 na kunyang'anya mali. Critias alikuwa akishinda na Sokrates miaka ya nyuma. Alcibiades, aliyekimbilia Sparta akawafundisha maadui namna ya kuibana Athene, naye alionekana kama mwanafunzi wa Sokrates. Wapenda demokrasia waliporudi mwaka 403 walitangaza msamaha na kula kiapo cha kutokumbuka mabaya ya nyuma. Anytus alikuwa mmoja wa vinara wa waliorudi. Msamaha huo ulifunga mlango wa kumshtaki mtu kwa ukaribu na Critias. Mlango wa miungu ulikuwa wazi.

Ushahidi kwamba watu walielewa hivyo upo. Mwaka 345 KK, msemaji Aeschines anawaambia waamuzi wa Athene bila kigugumizi: ninyi mlimuua Sokrates kwa sababu alionekana kuwa alimfundisha Critias, mmoja wa wale Thelathini. Anasema hivyo kama jambo linalojulikana na kila mtu, miaka 54 baadaye.

Kibatari

Mzee Ngalawa, nakubali sehemu kubwa. Ila siasa inaeleza kwa nini alishtakiwa, haielezi kwa nini wengi hivyo, 220, walitaka kumwachia. Huenda waliokuwa wamefiwa chini ya Thelathini walikaa pande zote mbili. Kumbuka pia Chaerephon, rafiki wa Sokrates tangu ujana, aliyekwenda Delphi, kwenye hekalu la uaguzi, kuuliza kama kuna mwenye hekima kuliko Sokrates. Yeye alikwenda uhamishoni pamoja na wanademokrasia akarudi nao, na Sokrates analitaja hilo kwa makusudi. Alijua kabisa ni kitu gani kimo vichwani mwa waliokaa mbele yake.

Mshumaa

Nina pingamizi juu ya awamu ya adhabu, maana hapo ndipo watu husema alijiua mwenyewe.

Utaratibu: kosa likithibitishwa na sheria haikutaja adhabu, mlalamikaji anapendekeza yake, mshtakiwa anapendekeza ya kwake, na waamuzi wanachagua moja kati ya mbili. Hawaruhusiwi kutafuta ya katikati. Mshtakiwa mwenye akili anapendekeza kitu kizito kiasi cha kuwaridhisha, uhamisho kwa mfano. Sokrates anaanza kwa kusema anachostahili ni kulishwa na mji katika Prytaneion, ukumbi wa mji, heshima waliyopewa washindi wa Olimpiki. Kisha anataja faini ya mina 1. Kisha, kwa kusukumwa na Plato, Crito, Critobulus na Apollodorus waliojitolea kuwa wadhamini, mina 30.

Lakini Xenophon, mfuasi mwingine aliyeandika juu ya kesi hii, anasema Sokrates alikataa kabisa kutaja adhabu na akawakataza marafiki, kwa kuwa kutaja ni kukiri kosa. Hawa wawili hawapatani. Tumwamini nani?

Kibatari

Katika hilo, Plato. Alikuwepo mahakamani, anajitaja mwenyewe, na aliandika kwa watu ambao nao walikuwepo. Xenophon wakati huo alikuwa Asia na jeshi, habari alizipata kwa Hermogenes. Sisemi Plato ameandika neno kwa neno. Ila kiasi cha faini na majina ya wadhamini ni vitu ambavyo mamia ya watu walivisikia, kuvitunga kungekuwa aibu ya waziwazi.

Na faini ile si mzaha kama inavyosemwa. Mina 1 ni drakma 100. Fundi mawe katika hekalu la Erechtheion, miaka michache tu kabla ya hapo, alilipwa drakma 1 kwa siku. Kwa hiyo mina 30 ni siku 3,000 za kazi ya fundi. Xenophon huyo huyo, mahali pengine, anamnukuu Sokrates akikadiria mali yake yote pamoja na nyumba kuwa mina 5. Mina 1 ilikuwa moja ya tano ya alicho nacho, na 30 ni mara sita ya mali yake yote. Kilichowaudhi waamuzi kilikuwa yale maneno ya Prytaneion. Diogenes Laertius anasema kura 80 zaidi ziliangukia kifo kuliko zile za kumtia hatiani. Ukiichukua hesabu hiyo unapata 360 kwa 140.

Kwa nini aliyasema? Soma sababu anayoitoa. Anasema ameshawishika kwamba hajamkosea mtu yeyote kwa kukusudia, na kwa hiyo hatajikosea mwenyewe kwa kujisemea kwamba anastahili baya. Kifo hajui kama ni kibaya au kizuri. Jela na uhamisho anajua ni vibaya. Achague anachokijua kuwa kibaya badala ya asichokijua? Faini anaikubali kwa sababu kupoteza fedha hakumdhuru. Huo ni mlolongo wa hoja, wakuu, hatua moja juu ya nyingine, na katikati yake ndimo lilimo lile neno kwamba maisha yasiyochunguzwa hayafai kwa binadamu kuyaishi. Wengi hulinukuu likiwa limekatwa. Lilisemwa kama sababu ya kukataa kwenda uhamishoni na kunyamaza.

Jiwe la Pembeni

Wakuu, naomba kuuliza. Mtu aliyesema "najua kwamba sijui chochote" anapataje uhakika wa kufia jambo?

BintiMwambao

Ndugu yangu, hakusema hivyo. Alichosema baada ya kumhoji mwanasiasa mmoja ni kwamba, "nisichokijua, sidhani kwamba ninakijua." Tofauti ni kubwa. Na mbele kidogo, kwenye 29b ya Utetezi (hotuba yake mahakamani kama Plato alivyoiandika), anasema waziwazi kitu anachokijua: kutenda dhuluma na kumkaidi aliye bora kuliko wewe, awe mungu au binadamu, ni kubaya na ni aibu. Ameweka mizani mbele ya wote. Upande mmoja kifo, ambacho hakuna anayekijua. Upande wa pili dhuluma, ambayo ubaya wake anaujua. Anayekwepa cha kwanza kwa kukumbatia cha pili anadai ujuzi asio nao.

Wakili wa Kijiji

Sasa tufike penye mgogoro wa kweli. Kwenye Utetezi, 29d, anawaambia waamuzi: mkiniachia kwa sharti la kuacha falsafa, nitamtii mungu kuliko ninyi. Wiki chache baadaye yuko gerezani, rafiki yake Crito amekuja alfajiri, mlinzi amekwisha lainishwa, Simmias wa Thebes ameleta fedha, Thessaly wapo wa kumpokea. Sokrates anakataa, na anaweka maneno kinywani mwa Sheria za Athene: ishawishi nchi yako au itii. Mtu yule yule! Mahakamani anasema sitatii, gerezani anasema lazima nitii. Hilo mnalifunguaje?

BintiMwambao

Mkuu Wakili, fundo hilo linafunguka ukiacha maneno ya jumla na kutazama matukio yake matatu, kwa mpangilio wa miaka.

Mwaka 406, baada ya vita vya majini vya Arginusae. Athene wameshinda lakini dhoruba imezuia kuokoa mabaharia waliotumbukia. Mkutano wa raia unataka majenerali wanane wahukumiwe kwa kura moja, wote kwa pamoja, kinyume cha sheria iliyotaka kila mtu ahukumiwe peke yake. Siku hiyo kabila la Antiochis ndilo linaloongoza vikao na Sokrates yumo kati ya wajumbe 50. Watu wanapiga kelele na kutishia kuwashtaki wajumbe, wenzake wanalegea, yeye anapinga mpaka mwisho. Hakufanikiwa. Sita waliokuwa mjini wakauawa, na baadaye mji ukajutia.

Tukio la pili ni mwaka 404 au 403, chini ya Thelathini. Wanamwita Sokrates na wengine wanne, wanawaagiza wakamlete Leon kutoka kisiwa cha Salamis ili auawe. Lengo ni kuwapaka watu wengi damu ya utawala wao. Wanne wakaenda Salamis. Sokrates alitoka pale akaenda zake nyumbani. Hakuanzisha uasi, hakukimbia mji. Alikwenda nyumbani akangoja yatakayompata, na yeye mwenyewe anasema angekufa kama utawala ule usingeanguka.

La tatu ni gereza la 399.

Pangeni sasa. Katika mawili ya kwanza anaamriwa kutenda dhuluma kwa mtu mwingine, anakataa. Katika la tatu anaamriwa kuipokea, anakubali. Na ile kauli ya 29d? Kuacha falsafa kwake kungekuwa kuacha zamu aliyopangiwa na mungu, analinganisha na kukimbia nafasi yake vitani Potidaea, Amphipolis na Delium. Yaani ni kutenda kosa. Kanuni yake ipo kwenye 49 ya Crito, mazungumzo ya Plato yenye jina la rafiki huyo: mtu asidhulumu kamwe, hata anapolipiza dhuluma, na asimtendee ubaya mtu hata kama ametendewa ubaya. Anaongeza kwamba wanaoamini hivi ni wachache na watakuwa wachache, na wasioamini hawana pa kuanzia kushauriana na wanaoamini. Katika ulimwengu ambao kumsaidia rafiki na kumdhuru adui ndiyo ilikuwa tafsiri ya uanaume, kauli hiyo ilikuwa ngeni kuliko lolote alilosema juu ya miungu.

Crito anamletea sababu za kibinadamu kabisa: watu watasema tulibania fedha, wanao watakuwa yatima. Sababu ya pili inauma, alikuwa na wana watatu na wawili walikuwa bado wadogo. Sokrates anasema swali ni moja tu, ni haki au si haki kutoka hapa bila ridhaa ya Waathene. Mengine yote, fedha, sifa, malezi, yanangoja jibu la hilo.

Ngalawa

Dada BintiMwambao, umelipanga vizuri sana, lakini halijaisha. Ile "ishawishi au itii" ya Sheria haitoi mwanya kwa atakayeamriwa kutenda dhuluma. Ukiisoma kwa ukali inamfunga hata kwa Leon.

BintiMwambao

Kwa Leon hakukuwa na sheria, Mzee wangu. Ilikuwa amri ya watu walionyakua mji, bila hukumu ya mahakama yoyote. Ila nakubali kwamba Sheria zinasema kwa upana kuliko alivyosema yeye mwenyewe dakika chache kabla. Mimi huzisoma Sheria kama jibu kwa Crito, kwa kiwango cha Crito, mtu mwema mwenye fedha ambaye usiku ule hakuweza kufuata hoja ngumu. Msingi wa Sokrates mwenyewe ni ule wa 49, kabla Sheria hazijaanza kusema. Na Sheria zenyewe mwishoni zinatenganisha: umedhulumiwa, lakini na watu, si na sisi.

Wakili wa Kijiji

Ongeza kipengele cha kisheria ambacho Sheria zinakitaja: angeweza kupendekeza uhamisho mahakamani na pengine akapewa. Kutoroka ilikuwa kuchukua kwa wizi kile alichokataa kukiomba kwa halali.

Mshumaa

Nimalizie upande wa gereza na sumu, maana hapo pana uzushi mwingi.

Lile pango lenye vyuma kwenye kilima cha Philopappos, linaloitwa gereza la Sokrates, ni jina la watalii. Jengo linalodhaniwa kwa sababu nzuri zaidi liko kusini-magharibi mwa Agora: ujia katikati, vyumba pande mbili, na vimepatikana humo vichupa vidogo 13 vya aina ya kuwekea dawa. Hata hilo ni dhana, ila ina mguu wa kusimamia.

Kuuawa kwake kulichelewa kwa sababu siku moja kabla ya kesi meli takatifu ya kwenda kisiwa cha Delos ilikuwa imevishwa taji, na mpaka irudi mji haukuruhusiwa kuua mtu. Xenophon anasema ilichukua siku 30.

Sumu ilitokana na mmea wa hemloki yenye madoa, jamii ya karoti na kotimiri. Wanaosema maelezo ya Plato ni ya kutungwa kwa kuwa hemloki husababisha degedege wanachanganya na hemloki ya majini, mmea mwingine. Hii ya madoa hulegeza misuli kuanzia miguuni kwenda juu, akili ikibaki timamu, mpaka pumzi inakatika. Phaedo, mazungumzo ya Plato juu ya siku ya mwisho ya Sokrates, inaendana na hilo hatua kwa hatua. Mapema siku hiyo anaonywa asizungumze sana, kwa kuwa mazungumzo hupasha mwili joto na waliozungumza wamelazimika wakati mwingine kunywa mara mbili au tatu. Sokrates anajibu, basi na aandae mara mbili, na tatu ikibidi. Anaoga kwanza ili wanawake wasipate kazi ya kuosha maiti. Mtu analeta kikombe, dawa imekwisha sagwa. Sokrates anauliza, naweza kumwaga kidogo kwa ajili ya miungu? Anajibiwa: tunasaga kiasi tunachoona kinatosha kunywa, basi. Anatembea mpaka miguu inakuwa mizito, analala chali. Yule mtu anaubana unyayo kwa nguvu, anauliza kama anahisi. Hapana. Anabana mguu, anapanda juu, akiwaonyesha waliokuwepo jinsi ubaridi unavyopanda.

Usagaji huo ulikuwa na gharama. Mwaka 318 KK, alipouawa jenerali Phocion, dawa iliisha na mhusika akakataa kusaga nyingine mpaka alipwe drakma 12. Ikabidi Phocion amwombe rafiki alipe.

Jiwe la Pembeni

Nimewasoma wote, asanteni. Mnaotaja 29b, 49 na kadhalika, hizo ni kurasa za kitabu gani? Na mgeni aanzie wapi?

Kibatari

Ni kurasa za chapa ya Stephanus ya mwaka 1578, na herufi a hadi e ni vipande vya ukurasa. Tafsiri yoyote nzuri, kwa lugha yoyote, huziweka pembeni, hivyo tunaweza kuelekezana bila kuwa na kitabu kimoja. Utetezi ni 17 hadi 42, na umegawanyika: hotuba kabla ya kura mpaka 35d, adhabu 35e hadi 38b, maneno baada ya hukumu 38c hadi mwisho. Hayo ya mwisho aliyasema maofisa wakiwa bado wanashughulika, anasema hivyo mwenyewe kwenye 39e. Crito ni 43 hadi 54. Phaedo ni ndefu na ngumu, usianze nayo yote. Soma 57 hadi 59 upate orodha ya waliokuwepo na habari kwamba Plato alikuwa mgonjwa, kisha ruka mpaka 115 usome hadi 118.

Ukifika 118 usiharakishe. Ubaridi umefika kiunoni, anajifunua uso, anasema: Crito, tunadaiwa jogoo na Asclepius, mlipeni, msisahau. Asclepius ni mungu wa uponyaji, na jogoo ndiyo sadaka ya kawaida ya mtu aliyepona. Watu wameyabishania maneno hayo kwa muda mrefu. Ila iweke kando ya hati ya Meletus, lile shitaka la kwanza la kutoitambua miungu ya mji, kisha tazama jibu la Crito. Anasema litafanyika, anamuuliza kama kuna jingine, na hajibiwi.